Kadi Mfukoni, Jalada Ofisini: Kuomba Rekodi Yako ya Udereva Johannesburg



Sisi tunaoishi hapa Johannesburg, mitaa ya Mayfair na Fordsburg, tumezoea kupokea maagizo kutoka kwa jamaa zetu wa Ghuba. Siku hizi wanaagiza karatasi. Kijana aliyekulia hapa na kujifunza gari hapa anapata kazi Maskati au Sharjah, na baada ya wiki mbili anaandika: "Shikamoo babu. Wanataka rekodi yangu ya udereva ya Afrika Kusini. Nimewapelekea picha ya leseni mbele na nyuma, wameikataa. Nifanyeje?" Wameshaniuliza hivyo wengi, na kila mmoja nimemjibu kwa simu mpaka chaji ikaisha. Nimeona bora niandike mara moja, wasome wote.

Mimi ni karani mstaafu. Nilianza kwenye masjala bandarini Tanga, nikamalizia katika kampuni ya malori hapa Johannesburg, ambako kazi yangu ilikuwa kutunza majalada ya madereva: leseni zao, vyeti vyao vya daktari, faini zao. Kwa hiyo mlango huu nimeugonga mara nyingi, kwa niaba ya watu wengi.

Aliyeko Ghuba amezoea mteremko. Oman anafungua programu ya Polisi ya Kifalme katika simu, Saudia anafungua Absher, na hapo anaiona leseni yake, mulkiya ya gari na mukhalafa zake. Basi anadhani na Johannesburg kuna kitu kimoja kiitwacho rekodi ya udereva, kinachotoka dirisha moja. Hakuna. Habari za dereva Afrika Kusini zimeandikwa katika madaftari manne, na kila daftari lina mwenyewe. Kuna daftari la leseni. Kuna la mukhalafa. Kuna la jinai, liko polisi. Na kuna la ajali na madai, liko kwa kampuni ya bima. Mwajiri au ofisi ya Ghuba ikikuambia "lete rekodi", usikimbilie kuomba. Rudi uwaulize wanataka kujua nini: kwamba leseni ni ya kweli? Kwamba umeendesha miaka mingapi? Kwamba hudaiwi? Kwamba hukufungwa? Kila swali lina ofisi yake, na ukiomba karatasi isiyotakiwa utakuwa umepoteza mwezi na pesa.

Mara nyingi wanataka la kwanza, la leseni. Daftari hili ni mfumo wa kompyuta wa taifa zima uitwao NaTIS, unaosimamiwa na shirika la serikali liitwalo RTMC, lenye makao makuu Centurion, katikati ya Johannesburg na Pretoria. Humo mna namba ya leseni yako, madaraja uliyofaulu, tarehe uliyopewa kila daraja kwa mara ya kwanza, masharti kama kuvaa miwani, na kibali cha udereva wa kazi kama unacho, kile wanachokiita PrDP, ambacho dereva wa teksi, basi au lori hawezi kufanya kazi bila yake.

Madaraja yenyewe yafaa kuyajua, maana ofisi za Ghuba hutafsiri kwa herufi. B ni gari dogo lisilozidi kilo 3,500. C1 ni lori la kati, kutoka hapo hadi kilo 16,000. C ni zaidi ya hapo. Ikitanguliwa na E, yaani EB, EC1 au EC, maana yake unaruhusiwa kuvuta tela zito. Madereva wa hapa bado wanaita 8, 10 na 14 kwa mazoea ya zamani. Ukimwandikia mwajiri wa Salalah kwamba una "namba 14", hatakuelewa. Mwandikie EC.

Kadi unayotembea nayo ni dondoo tu ya daftari hilo. Tena kadi na leseni si kitu kimoja, na hapa ndipo wengi wanapotishika bure. Kadi inadumu miaka mitano. Ikiisha muda, kilichoisha ni kadi. Haki yako ya kuendesha, yaani kule kufaulu kwako mtihani, bado imo daftarini, wala hurudishwi kwenye mtihani kwa sababu kadi imepitwa na tarehe. Ila huwezi kuendesha barabarani kwa kadi iliyokufa, na ubalozi wa Afrika Kusini ulioko nje haukuhuishii kadi hiyo. Ni lazima ufike mwenyewe katika kituo cha leseni, upimwe macho, uchukuliwe alama za vidole na ujaze fomu DL1. Anayekuja likizo aweke miadi mapema kwenye tovuti ya NaTIS, asingoje afike. Na asitarajie kuondoka na kadi mkononi. Nchi nzima kadi hizi zinachapwa na mashine moja, iliyo kazini tangu kadi zilipoanza mwaka 1998. Iliharibika mwishoni mwa 2021, ikaharibika tena mwanzoni mwa 2025, na mara zote mbili kadi zilizosubiri kuchapwa zilifika malaki.

Karatasi anayoitaka yule kijana wa Sharjah inaitwa barua ya uthibitisho wa leseni. Inatolewa na RTMC, na haitoki katika kituo kile ulichofanyia mtihani, iwe Langlaagte, Randburg au Roodepoort. Nimeona watu wakipanga foleni Langlaagte tangu alfajiri kuiomba barua hiyo, wakafika dirishani saa tano na kuambiwa hapa sipo. Mwombaji hujaza fomu ya RTMC, akaambatisha nakala iliyothibitishwa ya kitambulisho au pasipoti, nakala ya kadi ya leseni mbele na nyuma, na risiti ya malipo. Huhitaji kuwa Johannesburg ili kuomba. Nakala zako unaweza kuzithibitisha kwenye ubalozi wa Afrika Kusini ulio karibu nawe, na kama jamaa yako wa hapa ndiye anayekushughulikia, kituo chochote cha polisi kinagonga muhuri wa nakala bila malipo, mradi aende na karatasi halisi. Fomu na anwani ya kutuma vichukue katika tovuti ya RTMC yenyewe. Usichukue katika ujumbe wa WhatsApp uliopitishwa mikono ishirini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa uzoefu wangu ndilo linalokwamisha watu wetu kuliko mengine yote, nalo ni jina na namba.

Mzaliwa wa Afrika Kusini anatafutwa katika daftari kwa namba ya kitambulisho chake yenye tarakimu 13. Mgeni asiye na kitambulisho hicho, kwa mfano mwenye viza ya kazi, hana namba hiyo. Yeye hupewa namba ya rejista ya barabara, inayoombwa kwa fomu ANR, na ndiyo inayoshika leseni yake, magari yake na mukhalafa zake. Pasipoti yako ya Tanzania, Kongo au Oman inabadilika namba kila unapopata mpya. Namba ya rejista haibadiliki. Ndiyo maana mtu anaandika kwa RTMC akitaja pasipoti aliyoipata Maskati mwaka juzi, na jibu linarudi kwamba mtu huyo hayumo. Yumo! Ameingizwa kwa pasipoti ya mwaka 2009. Tafuta cheti chako cha namba ya rejista. Kikipotea, tafuta namba hiyo kwenye karatasi yoyote ya zamani ya gari lako, maana imeandikwa hapo. Taja namba hiyo juu kabisa ya barua yako, kisha ambatisha na nakala ya pasipoti ile ya zamani.

Na jina je? Sisi majina yetu yana safari. Chukua mtu anayeitwa Said Nassor Khamis. Alipofika Johannesburg akitokea Unguja, karani alimwandika KHAMIS SN, jina la mwisho mbele na herufi mbili za mwanzo, kama ilivyo desturi ya hapa. Akaenda Oman, akapata uraia wa asili yake, akaandikwa Said bin Nasser bin Khamis pamoja na jina la kabila. Nassor imekuwa Nasser, limeongezeka "bin", limeongezeka kabila, na jina la ukoo lililoko Johannesburg limekuwa jina la babu tu kule Maskati. Karani wa Maskati akiweka karatasi hizo mbili mezani anaona watu wawili, na kwa kweli hana kosa. Mwalimu wangu wa hesabu katika shule ya misheni, padri mkali sana, alikuwa akirudisha daftari zima kwa herufi moja iliyokosewa katika jina. Wakati ule tulimwona mkorofi. Nilipoketi masjala nilimwelewa.

Dawa yake ni hati ya kiapo, itangulie barua ya maombi wala isiifuate. Uape mbele ya ofisa anayeruhusiwa kupokea viapo (polisi wa Afrika Kusini wanaruhusiwa, au ubalozi ukiwa nje) kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, uyaandike yote mawili kama yalivyo katika kila hati, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ambatisha pasipoti zote mbili. Usijaribu kumshawishi karani wa RTMC akubadilishie jina katika barua ili lifanane na bitaka yako ya Oman. Hawezi, kwa sababu barua inanakili daftari.

Daftari la pili ni la mukhalafa. Johannesburg na Tshwane, yaani Pretoria, tangu 2008 zimekuwa chini ya utaratibu uitwao AARTO, uliotokana na sheria namba 46 ya mwaka 1998. Chini ya utaratibu huo makosa mengi ya barabarani hayaendi mahakamani moja kwa moja. Hushughulikiwa kiofisi, na ofisi inayosimamia ni wakala wa serikali uitwao RTIA. Kulikuwa na kesi kubwa kuhusu sheria hii: Mahakama Kuu ya Pretoria iliitangaza Januari 2022 kuwa inakwenda kinyume cha katiba, na Mahakama ya Katiba ikaurudisha uhalali wake Julai 2023. Pointi za makosa, kama zile nukta nyeusi mnazozijua huko Ghuba, zimo ndani ya sheria hiyo, lakini tarehe ya kuanza kuzihesabu imesogezwa mara kadhaa. Kwa hiyo mwajiri akikuomba karatasi ya pointi zako za zamani za Afrika Kusini, mweleze kwamba miaka uliyoendesha hapa ilikuwa ya faini.

Faini yenyewe inakwenda hivi. Kamera ikikupiga, taarifa hutumwa kwa mwenye gari. Askari akikusimamisha, unapewa mkononi. Kutoka siku ya kupokea una siku 32. Ukilipa ndani yake unapunguziwa nusu. Ndani ya siku hizo hizo unaweza kupinga kwa maandishi, fomu AARTO 08, au kusema aliyekuwa akiendesha si mimi bali ni fulani, fomu AARTO 07. Zikipita bila jibu unaletewa barua ya kukukumbusha, punguzo limekwisha na gharama imeongezwa. Siku 32 nyingine zikipita inatolewa amri ya utekelezaji. Amri hiyo ikishaingia, NaTIS inakufungia: huwezi kuhuisha kadi ya leseni, huwezi kupata PrDP, na gari halipati diski, ile karatasi ya duara ya kioo cha mbele.

Nakuletea kisa cha kijana mmoja wa ukoo wetu, jina naliweka kwangu. Aliondoka Yeoville kwenda Maskati na Corolla yake akamwachia kaka yake, kwa maneno tu, kama ndugu wanavyoachiana. Kaka alikuwa na haraka nyingi kwenye barabara ya M1. Taarifa zilikwenda kwenye anwani ya Yeoville ambako hakuna aliyekuwa akiishi tena. Miaka mitatu baadaye kampuni ya usafirishaji ya Maskati ikataka kumpandisha kutoka gari dogo hadi lori, ikitegemea daraja lake la EC la Johannesburg, ila kadi iwe hai. Akaja kwa likizo ya siku kumi na nne kuihuisha. Dirishani akaambiwa ana amri tano za utekelezaji. Tano, na yeye tangu aondoke hajagusa usukani wa gari hilo.

Muda wa kumtaja kaka kwa fomu 07 ulikuwa umepita kitambo. Kilichobaki ni fomu AARTO 14, ya kuomba amri ifutwe, akieleza kwa nini hakujibu. Tulikaa meza ya jikoni usiku mmoja, yeye na kaka yake na mimi. Nikawaambia waache kugombana, walete pasipoti. Mihuri ya kutoka O.R. Tambo na ya kuingia Maskati tuliipanga kwa tarehe, tukaweka kando yake tarehe ya kila taarifa. Nne zilianguka siku ambazo pasipoti inamwonyesha yuko Oman. Moja ilikuwa ya kabla hajaondoka, hiyo ni yake. Akailipa. Kwa zile nne kaka aliandika hati ya kiapo kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, nasi tukazituma pamoja na nakala za mihuri. Majibu hayakuja ndani ya likizo yake. Alirudi Maskati bila kadi, na nafasi ya lori akapewa mwingine. Amri zilifutwa baadaye, akaja tena mwaka uliofuata akahuisha, na sasa anaendesha lori, lakini ule mwaka mmoja wa mshahara mkubwa ulipita hivyo hivyo.

Kwa hiyo unayejiandaa kuhama, fanya matatu kabla ya ndege. Angalia mukhalafa zako kwenye tovuti ya AARTO kwa namba yako ya kitambulisho au ya rejista. Gari ukiliuza au ukimpa mtu moja kwa moja, peleka fomu NCO ya kutangaza kwamba mwenye gari amebadilika. Mkataba mlioandikiana kwenye karatasi ya daftari hauiambii NaTIS kitu. Na ukihama nyumba, sheria inakupa siku 21 kutoa taarifa ya anwani mpya, fomu NCP. Weka anwani ya jamaa anayefungua barua zake.

Jambo moja linawakosesha hata wenyeji. Uwanja wa ndege wa O.R. Tambo hauko Johannesburg kwa hesabu za manispaa. Uko Ekurhuleni. Kwa miaka yote hiyo ambayo AARTO ilikuwa ya Johannesburg na Tshwane peke yake, faini uliyopata ukikimbilia kumpokea mgeni uwanjani ilikuwa ya manispaa nyingine, chini ya sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya 1977, na hiyo usipojibu inakuletea wito wa mahakama na hatimaye hati ya kukamatwa. Hali kadhalika faini za N3 unapokwenda Durban. Serikali imetangaza kuipeleka AARTO nchi nzima kwa awamu, lakini faini za zamani za miji hiyo usizitafute AARTO ukadhani uko safi. Uliza kwenye manispaa yenyewe.

Daftari la tatu sitakaa nalo sana. Kuendesha umelewa, au kwa uzembe uliotia watu hatarini, si mukhalafa. Ni jinai, na ukitiwa hatiani inaandikwa polisi. Mwajiri akitaka kujua hilo, karatasi yake ni cheti cha polisi cha Afrika Kusini, kinachoombwa kwa alama za vidole katika kituo chochote cha polisi hapa, au kwa kupitia ubalozi ukiwa nje. La nne, la bima, ni rahisi kuliko yote: iandikie kampuni iliyokukatia bima ikupe barua ya miaka uliyokuwa nayo na madai uliyofanya. Baadhi ya kampuni za bima za Ghuba hupunguza bei kwa aliyekaa miaka bila madai, basi waulize wakala wako kabla hujalipa.

Kuna wanaotaka kuona zaidi ya barua ya uthibitisho, yaani kila kitu NaTIS ilichoandika juu yao. Hiyo ni haki yako. Sheria ya kupata habari, namba 2 ya mwaka 2000, inakuruhusu kuiandikia RTMC kwa fomu namba 2, nao wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2013 inakupa tena haki ya kutaka kosa lisahihishwe. Ni njia ndefu. Itumie kama kuna ugomvi, kwa mfano daraja ulilofaulu halionekani.

Ukishaipata karatasi, bado haijafika Ghuba kisheria. Hupelekwa Pretoria, kwa idara ya uhusiano wa kimataifa iitwayo DIRCO, ikathibitishwe. Oman imo katika mkataba wa Hague wa kuthibitisha hati tangu 2012, hivyo muhuri wa DIRCO uitwao apostili unatosha Maskati. Kwa nchi isiyomo katika mkataba huo, hati ikitoka DIRCO hupita ubalozi wa nchi hiyo ulioko Pretoria, kisha wizara ya nje ya huko. Waulize wanaoipokea wanataka muhuri upi kabla hujaanza safari. Kwa kubadilisha leseni Dubai, mwenye ukaazi anafaidika kwamba Afrika Kusini imo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila kurudia mtihani, lakini hapo kadi yenyewe lazima iwe hai.

Nje ya vituo vya leseni utawakuta vishoka. Wanakuambia wanaye mtu ndani, barua kwa siku mbili, mukhalafa zinafutwa kwenye kompyuta. Barua yao nzuri kwa macho. Siku ofisi ya Ghuba itakapoandika RTMC kuuliza kama ni ya kweli, aliye na jina kwenye barua ni wewe, na kishoka hana jina.

Wapo pia walioendesha hapa miaka mingi kwa leseni ya Tanzania au ya Kenya, nao wananiomba rekodi ya Johannesburg. Leseni ya nchi nyingine halali inakubaliwa hapa kwa mwenye viza ya muda. Anayepata ukaazi wa kudumu ana mwaka mmoja kuibadilisha. Ambaye hakuibadilisha hayumo katika daftari la leseni la Afrika Kusini hata kama amezeeka kwenye barabara zake, na RTMC haina la kumwandikia. Huyo aombe uthibitisho kule kulikotoka leseni, kwa Tanzania Bara ni Mamlaka ya Mapato, TRA. Mukhalafa zake za Johannesburg, lakini, zitakuwepo.

Barua ikikufikia, isome kabla hujaituma kokote. Tazama jina, namba, madaraja, na hasa tarehe ya kutolewa mara ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo inayohesabu miaka yako ya uzoefu. Ukikuta imeandikwa tarehe ya kadi ya mwisho, rudisha barua pamoja na ushahidi. Ushahidi bora ni kadi ya zamani, na kadi ya zamani unaweza kutakiwa kuikabidhi unapopokea mpya, basi ipige picha pande zote mbili siku unayokwenda kuhuisha.